Voli wa Chernobyl: Mionzi, Vinasaba na Kipimo cha Kabla



Mada niliyopewa ni pana mno: athari za mionzi kwa wanyamapori. Nimeibana. Jioni hii nitazungumza juu ya mnyama mmoja mwenye uzito wa gramu ishirini hivi, na juu ya misitu iliyo mpakani mwa Ukraine na Belarus. Nimemchagua kwa kuwa ni mmoja wa wanyamapori ambao vinasaba vyao vimefuatiliwa kwa muda mrefu zaidi katika mazingira yenye mionzi, na kwa kuwa ubishi uliozuka juu yake una funzo kwetu sisi ambao ardhi yetu ina urani. Nitaanza na kisa chenyewe.

Saa saba na dakika 23 za usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya wakati wa Muungano wa Kisovyeti, kililipuka. Moto uliwaka kwa takriban siku kumi, na vumbi lenye mionzi likapanda angani na kutua Ukraine, Belarus, Urusi na sehemu nyingi za Ulaya. Siku ya pili yake mabasi yaliwahamisha wakazi wapatao 49,000 wa mji wa Pripyat. Baadaye eneo lote la kilomita 30 kukizunguka kituo lilifungwa. Magharibi mwa kituo ulikuwapo msitu wa misonobari uliopokea mionzi mingi kiasi kwamba miti ilikufa ingali imesimama, na majani yake yakageuka rangi ya kutu. Watu wakauita Msitu Mwekundu. Miti ile iliangushwa kwa mashine na kuzikwa ardhini.

Watu walihamishwa, wanyama wakabaki. Ripoti ya Jukwaa la Chernobyl, lililoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali za nchi tatu zilizoathirika zaidi, inaeleza kwamba kabla mwaka 1986 haujaisha idadi ya wanyama wadogo wa jamii ya panya katika viwanja vya utafiti vilivyochafuliwa sana ilikuwa imeshuka kati ya mara mbili na mara kumi. Mwaka uliofuata idadi ilianza kupanda, hasa kwa sababu wanyama wengine walihamia kutoka maeneo ya jirani yaliyokuwa na nafuu. Jambo hilo la kuhamia naomba mlishike, maana litatusumbua huko mbele.

Mnyama wetu haishi Afrika, kwa hiyo nitatumia jina lake la kigeni kwa matamshi yetu: voli. Wanasayansi humwita Clethrionomys glareolus, na katika maandishi mengine mtamkuta kama Myodes glareolus. Ni jamaa wa panya, lakini ana mkia mfupi, pua butu, masikio madogo, na manyoya ya mgongoni yana wekundu kama ngozi ya njugu. Anaishi chini ya majani makavu na ndani ya udongo wa juu wa msitu, na hula mbegu, machipukizi, uyoga na kuvu za mitini. Mazingira yake hayo ndiyo yanayomtia hatarini. Vumbi la nyuklia likishatua msituni halizami mbali. Hukaa miaka mingi katika tabaka lile lile la majani na udongo ambamo voli huchimba, hulala na kuzalia.

Iodini-131, iliyowatesa sana watoto wa binadamu katika majuma ya kwanza, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo haikukawia kwisha. Sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu, na strontiamu-90 karibu miaka 29. Mwili huipokea sesiamu kama vile ni potasiamu, ukaipeleka kwenye misuli. Strontiamu huipokea kama kalisi, ukaipeleka kwenye mifupa, jirani kabisa na uboho unaotengeneza damu. Kwa hiyo voli wa Msitu Mwekundu hupigwa na mionzi kutoka nje, kwenye udongo, na kutoka ndani, kwenye nyama na mifupa yake mwenyewe. Mtu anayepita msituni na kipimo mkononi hupata hesabu ya ile ya nje tu.

Sababu nyingine ya kumchagua voli ni kasi ya uzazi wake. Jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi, na mtoto wake anaweza kuzaa kabla msimu haujaisha. Kila mwaka hupita vizazi viwili au zaidi. Miaka ishirini na mitano inatosha kuona vizazi hamsini, muda ambao kwa binadamu ungezidi miaka elfu moja. Tukitaka kujua kama jeraha la mionzi hurithiwa na kulimbikizana kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, hatuna namna ya kulisubiri jibu kwa watu. Kwa voli tunaweza.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana mara nyingi watu husikia matokeo bila kujua yametoka wapi.

Mtego ni kisanduku chepesi cha alumini chenye mlango unaofyatuka mnyama akikanyaga kibao kilichomo ndani. Hutegwa jioni kwa mstari ulionyooka, kila kimoja mahali pake palipowekwa alama. Ndani hutiwa nafaka, kipande cha mboga chenye maji ili mnyama asife kiu, na kitu cha kujifunikia ili asife baridi. Asubuhi na mapema mtafiti huupitia mstari wake. Voli hupimwa uzito, huangaliwa jinsia na mimba, na hukatwa kipande kidogo sana cha ncha ya sikio, kinachotosha kwa vinasaba. Baadhi huvishwa kola yenye kidude cha kurekodi mionzi, wakaachiwa, na kukamatwa tena baada ya majuma kadhaa ili ijulikane ni dozi gani hasa waliyoipata wakiwa katika pitapita zao.

Kisha inakuja damu. Tone moja hupakwa kwenye kipande cha kioo, hukaushwa na kutiwa rangi maalumu. Chembe nyekundu ya damu ya mamalia hutupa kiini chake inapokomaa, kwa hiyo ndani yake hapapaswi kuwa na vinasaba vya kiini hata chembe. Ukitazama kwa hadubini ukakuta ndani yake kidoa cha duara, kidogo, kilichokolea rangi peke yake, umekuta kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, iliyoachwa nyuma chembe mama ilipokuwa inagawanyika. Mtafiti huhesabu maelfu ya chembe kutoka kwa mnyama mmoja ili apate vidoa vichache tu, kisha huenda kwa mnyama mwingine. Kazi hiyo inachosha macho na mgongo, wala haina sifa magazetini. Lakini bila vidoa hivyo hakuna hoja yoyote.

Kwamba mionzi huvunja urithi wa kiumbe si jambo jipya. Hermann Muller wa Marekani alilionyesha mwaka 1927 kwa kuwapiga eksirei nzi wa matunda, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1946. Mionzi hupita ndani ya chembe hai na kukata uzi wa vinasaba moja kwa moja, au huyavunja maji yaliyomo ndani ya chembe na kuzaa kemikali kali zinazoushambulia uzi huo. Mkato wa upande mmoja wa uzi mwili huuunga bila shida. Mkato wa pande zote mbili ni mgumu, na wakati mwingine huungwa vibaya: kipande hiki kikapandikizwa pasipo pake, kile kikapotea.

Hapa pana tofauti ambayo wengi huichanganya. Mkato ulio kwenye uboho, ngozi au ini la voli utakufa pamoja naye. Anaweza kuugua kwa ajili yake, lakini hataurithisha kwa mtoto wake. Mkato ulio kwenye mbegu za uzazi ndio unaovuka kwenda kwa mtoto. Kidoa cha kwenye damu kinatuambia kuwa mnyama huyu ameumia. Hakituambii kuwa wajukuu zake wataumia. Ubishi wote wa Chernobyl umelala kati ya mambo hayo mawili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwezi Aprili 1996, miaka kumi baada ya ajali, jarida la Nature lilichapisha makala ya Robert Baker wa Chuo Kikuu cha Texas Tech na wenzake. Walikuwa wamekamata voli karibu na kinu, wa jamii iliyo ndugu na huyu wetu, wakawalinganisha na voli wa eneo safi. Walisoma jeni moja ya mitokondria iitwayo saitokromu b. Mitokondria, kama mnavyojua, hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo ni rahisi kumlinganisha mtoto na mama yake herufi kwa herufi. Walichotangaza kiliishtua dunia: kasi ya mabadiliko katika jeni ile ilikuwa, kwa makadirio yao, mamia ya mara zaidi ya ile ya kawaida kwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kama ilikuwa kweli, basi hapo palikuwa na wanyama waliokuwa wakigeuka kwa kasi isiyopata kuonekana, na bado walikuwa wananenepa na kuzaana.

Haikuwa kweli. Baker na wenzake waliporudia kusoma sampuli zao kwa mashine mpya ya kusoma vinasaba, herufi hazikulingana na zile walizozisoma awali. Mabadiliko mengi waliyokuwa wameyahesabu yalikuwa makosa ya usomaji. Mwaka 1997 waliiandikia Nature wakaifuta makala yao wenyewe.

Napenda wanafunzi walio hapa wakitafakari kitendo hicho. Makala ya namna ile ni kilele cha maisha ya mtafiti. Hakuna aliyekuwa amewashika. Wangeweza kunyamaza, wakaendelea kualikwa huku na huko. Walichagua kusema hadharani kuwa walikosea, na baada ya hapo wakarudi Chernobyl kuendelea na kazi. Mimi nawaheshimu kwa kurudi kule kuliko kwa makala yenyewe. Matokeo yao yaliyofuata yanaaminika zaidi kwa sababu tunajua ni watu wa aina gani walioyaandika.

Na matokeo hayo yalikuwaje? Kwa miaka mingi yalikuwa ya kutuliza. Mwaka 2000 walichapisha hesabu za vidoa vya damu katika voli wa Msitu Mwekundu. Hazikutofautiana vya kutosha na za voli wa eneo safi. Walichukua pia panya wa maabara waliotengenezwa kijenetiki ili mabadiliko ya jeni zao yahesabike kwa urahisi, wakawaweka kwenye vizimba katika eneo lenye mionzi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2003 hayakuonyesha ongezeko la mabadiliko ya herufi. Halafu mwaka 2017, kwa kusoma vinasaba vyote vya mitokondria badala ya jeni moja, timu ya Baker iliripoti kwamba voli wa Chernobyl, baada ya vizazi vipatavyo 50, wana tofauti nyingi zaidi za mitokondria kuliko wenzao wa maeneo safi, nayo ikaliona ongezeko hilo kuwa ni alama ya kasi kubwa zaidi ya mabadiliko. Si mamia ya mara. Ni ongezeko dogo ambalo huwezi kulikamata kwa jeni moja na wanyama wachache, na halikuambatana na dalili ya wazi ya madhara.

Wakati Wamarekani wakiendelea na mambo yao upande wa Ukraine, upande wa Belarus kulikuwa na kazi nyingine, ya kimya zaidi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote. Watafiti Ryabokon na Goncharova walianza kukusanya voli mwaka ule ule wa ajali na kuendelea kwa miaka kumi, vizazi 22, katika viwanja vilivyotofautiana kwa kiasi cha uchafuzi. Walihesabu kromosomu zilizovunjika katika uboho, na vijusi vilivyokufa tumboni mwa mama. Katika kipindi hicho dozi waliyokuwa wakiipata voli ilikuwa inashuka haraka, ikipungua kwa nusu kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mtu yeyote angetarajia madhara nayo yashuke. Hayakushuka. Kromosomu zilizovunjika zilibaki juu miaka yote, na vifo vya vijusi viliongezeka vizazi vilivyozidi kupita.

Kisha walifanya jambo moja la akili. Walikamata majike wenye mimba, wakawapeleka maabara pasipo na uchafuzi, wakawaacha wazae huko. Watoto walizaliwa na kukua mahali safi. Walipochunguzwa, kromosomu zao zilikuwa na mivunjiko mingi sawa na ya wazazi wao wa msituni. Waandishi wakahitimisha kuwa pamoja na jeraha ambalo kila voli hulipata mwenyewe, kuna jeraha analolirithi na linalolimbikizana kizazi baada ya kizazi.

Nina swali moja juu ya hitimisho hilo, na ni haki kuliuliza. Mama aliyekamatwa akiwa na mimba amebeba sesiamu mwilini mwake, hivyo kijusi kimekwisha kupigwa na mionzi kabla hajafika maabara, na maziwa aliyonyonya mtoto si safi kabisa. Kwa hiyo jaribio lile halitenganishi moja kwa moja kilichorithiwa na kilichopatikana tumboni. Lakini swali hilo haliufuti mwenendo wa miaka kumi: dozi ikishuka, vifo vya vijusi vikipanda. Mwenendo huo unahitaji maelezo, na sijapata kusikia maelezo mepesi yanayotosha.

Sasa turudi kwenye jambo nililowaomba mlishike. Mwaka 2000 kikundi cha Texas kiliripoti kuwa voli wa maeneo yenye mionzi mikali wana aina nyingi zaidi za vinasaba vya mitokondria kuliko wa maeneo safi. Mtu mmoja atasema: hayo ni mabadiliko mapya yaliyozaliwa na mionzi. Mwingine atasema: la, voli wa mwanzo walikufa, na nafasi zao zikajazwa na wageni kutoka kila upande, kila mgeni na ukoo wake, ndiyo maana aina ni nyingi. Wote wawili wanatazama takwimu zile zile. Uchafuzi wa Chernobyl umekaa viraka viraka. Eneo la mwendo wa dakika chache linaweza kuwa mara nyingi baya zaidi kuliko la jirani yake. Voli mchanga akiondoka kwa mama yake kutafuta pa kuishi anaweza kuvuka kutoka kiraka kimoja kwenda kingine. Basi yule uliyemkamata leo, je, babu zake waliishi hapa tangu 1986, au aliingia mwezi uliopita?

Kitu kimoja kingeukata ubishi huo. Kama mtu angekuwa ametega mitego mahali pale mwaka 1985, akahifadhi vipande vya masikio na vioo vya damu kabatini, tungejua koo zilizokuwapo kabla ya ajali, tungejua zipi zilitoweka, na zipi zilizo mpya. Hakuna aliyefikiria hivyo, na huwezi kumlaumu mtu kwa kutotabiri mlipuko. Lakini kwa sababu hiyo watafiti wamelazimika kulinganisha mahali na mahali badala ya kulinganisha kabla na baada, na mahali hutofautiana kwa mambo mengi mbali na mionzi: aina ya miti, mashamba yaliyoachwa, wingi wa chakula, wingi wa paka na bundi. Miongo kadhaa ya kazi ya watu hodari imetumika kujaribu kuziba pengo ambalo misimu michache ya mitego ingeliziba.

Watafiti wa Finland, wakiongozwa na akina Tapio Mappes na Phillip Watts, wameongeza mengi katika miaka ya karibuni, nami nitayapitia haraka. Voli wa maeneo yenye mionzi wana mtoto wa jicho kwa wingi zaidi. Bakteria wa matumboni mwao ni tofauti na wa voli wengine. Chembe za ngozi zilizokuzwa maabara kutoka kwao zilistahimili kemikali zinazovunja vinasaba kuliko chembe za voli wa maeneo safi, jambo linalodokeza kuwa vizazi hivyo vimejenga kinga fulani, au kwamba waliokosa kinga hiyo hawakubaki kutuzalia wajukuu. Na Japani, baada ya ajali ya Fukushima ya Machi 2011, panya wa porini wa eneo lililochafuliwa sana walikutwa na kromosomu zilizovunjika kwa wingi zaidi. Yaani alama ile ile ya mwilini imeonekana bara jingine, kwa mnyama mwingine.

Nimesikia watu wakitumia kisa cha Chernobyl kwa namna mbili, na zote mbili zinaniudhi. Wa kwanza huonyesha picha za vibwengo: ndama wa vichwa viwili, panya wakubwa kama mbwa. Hakuna panya wa namna hiyo. Voli wa Msitu Mwekundu ukimshika mkononi ni voli wa kawaida kabisa, mzuri wa kutazama, na anang'ata. Wa pili husema: tazameni, wanyama wamejaa, kumbe mionzi haina neno. Ni kweli kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika hifadhi ya upande wa Belarus ulikuta kongoni wa kaskazini, paa na nguruwe pori kwa idadi inayolingana na hifadhi nyingine zisizo na uchafuzi, na mbwa mwitu zaidi ya mara saba. Lakini idadi hiyo inatueleza jinsi binadamu anavyowaumiza wanyama kwa bunduki, shoka na jembe; alipoondoka, walipumua. Haituelezi kuwa kila mnyama aliyehesabiwa ni mzima. Jamii inaweza kuongezeka huku vijusi vingi kuliko kawaida vikifa matumboni, mradi tu wanaozaliwa wawazidi wanaokufa. Kwa voli, wanaozaa mara kadhaa kwa mwaka, hilo linawezekana bila taabu. Kwa tembo, anayebeba mimba moja kwa karibu miaka miwili, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Najua wengi mnataka kuuliza juu ya watu. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vyote vya watoto 130 waliozaliwa kati ya 1987 na 2002, ambao wazazi wao walikuwa wafanyakazi wa kusafisha Chernobyl au wakazi waliohamishwa. Haukukuta ongezeko la mabadiliko mapya ya kurithiwa. Hiyo ni habari njema na nasema hivyo bila kusita, hasa kwa ajili ya wazazi walioishi miaka mingi na hofu hiyo. Ila watoto wale ni kizazi kimoja, wa wazazi waliopata dozi kwa muda na kisha wakaondoka. Voli ni vizazi hamsini visivyoondoka. Maswali mawili hayo yasichanganywe, na jibu la moja lisitumike kuliziba la pili.

Nije nyumbani. Mionzi ya mazingira haikuanza na vinu. Kila mmoja wetu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 hivi kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula, na zipo sehemu ambazo ardhi yenyewe hutoa zaidi. Pwani ya Kerala, India, ina mchanga wenye thoriamu, na mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki Hans Grüneberg na wenzake walichapisha uchunguzi wa panya weusi wa huko, mfupa kwa mfupa, wakitafuta athari za kurithi. Hawakupata tofauti ya kutia shaka. Afrika Mashariki nayo ina kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, chenye thoriamu ya asili na msitu wa kaya wanaouheshimu Wadigo. Panya wa mahali kama hapo wameishi na mionzi tangu enzi na enzi, na kwa mtafiti kijana anayetafuta mada, sioni mahali bora zaidi pa kuanzia katika ukanda wetu.

Na ipo urani. Akiba ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, iko kwenye ardhi iliyokuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous hadi mwaka 2012, Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokubali mpaka ubadilishwe ili mradi uweze kuendelea. Mgodi wa urani si kinu, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimetabiri Chernobyl ya Namtumbo. Hatari ya mgodi ni ya aina nyingine: vumbi, gesi ya radoni, na mabaki ya mwamba uliosagwa, ambayo hubakiwa na sehemu kubwa ya mionzi baada ya urani yenyewe kutolewa na yanayotakiwa kulindwa dhidi ya mvua na upepo kwa muda mrefu kuliko umri wa kampuni yoyote. Ni dozi ndogo, za muda mrefu, kwenye udongo wa juu. Hayo ndiyo mazingira yanayomhusu mnyama anayelala ardhini.

Utaalamu tunao. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kina kituo kilichowafuatilia panya shamba kwa miongo kadhaa, kikiwakamata, kuwatia alama, kuwaachia na kuwakamata tena, na kazi hiyo inajulikana duniani kote kwa wanaosomea panya. Hatuhitaji kuagiza mtu wa kutufundisha kutega mtego. Vinavyohitajika ni vya bei nafuu ukilinganisha na gharama za mradi wa madini: mistari ya mitego karibu na mgodi na mingine mbali nao, katika masika na katika kiangazi, kwa miaka kadhaa mfululizo, vioo vya damu, vipande vya masikio kwenye friza yenye umeme wa uhakika, na daftari linaloonyesha kila sampuli imetoka wapi, lini, na kwa mnyama wa aina gani.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, na kupitia kwenu kwa wanaotoa vibali vya mazingira, ni hili. Popote nchini ambapo urani itachimbwa, ukusanyaji huo uwe sharti la leseni, ufanywe na chuo chetu na si na mchimbaji, ukamilike kabla udongo haujageuzwa, na sampuli zihifadhiwe hapa nchini ambapo mwanafunzi yeyote mwenye swali anaweza kuziomba. Na kwa wanafunzi mlio hapa: msisubiri sharti hilo liandikwe. Mitego ipo, na msimu wa kiangazi unatosha kuanza.